Ukifika Würzburg usiupitie uwanja wa soko mbio mbio, upe siku nzima

Watu kibao hapa Mwanza hawajui kwamba mji wetu una ndugu yake kule Ujerumani. Unaitwa Würzburg, uko Bavaria, umekaa kandokando ya mto Main, na undugu wa miji hii miwili ulianza 1966, yani ni mkongwe kuliko wengi wetu. Ndo maana hukosi kusikia daktari fulani, mwanakwaya fulani au mtoto wa jirani kaenda kule, wiki mbili, mwezi, miaka miwili ya masomo. Sasa kwa hao wanaojiandaa kwenda, na kwa wale watakaopita Ujerumani kwa shughuli zao wakabaki na siku moja mkononi, nawaandikia haya manake kuna sehemu moja natamani sana muione vizuri: uwanja wa soko katikati ya mji wa zamani, wenyewe wanauita Marktplatz.

Nasisitiza vizuri kwa sababu mimi mara ya kwanza niliupitia tu. Nilienda kumwona mdogo wangu anayesoma kule, ilikuwa mwishoni mwa Aprili, nikafika uwanjani Jumapili mchana, maduka yamefungwa, meza za mboga hakuna, nikapiga picha lile jengo la njano lenye marembo na lile kanisa jeupe lenye kona nyekundu, dakika kumi nyingi, nikaondoka. Jumanne yake mama mwenye nyumba alikopanga mdogo wangu, mtu mzima kabisa, akaniuliza umeuonaje uwanja wetu, nikamjibu pazuri mama. Akachukua koti lake akasema twende. Tulitoka asubuhi tukarudi usiku, na karibu kila ninachowaelekeza hapa nilikijua siku ile.

Mambo ya karatasi nitayapita haraka. Viza ni ya Schengen ya muda mfupi, siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180, unaomba ubalozi wa Ujerumani Dar, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, na paspoti iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku unayopanga kutoka Ulaya. Ombi unaruhusiwa kupeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, ila ukisubiri hizo siku 15 unajitafutia presha ya bure. Sisi wa kanda ya ziwa tukumbuke pia kwamba kwenda Dar kuweka alama za vidole ni safari kamili, kwa hiyo ipangie na shughuli nyingine. Kama una mwenyeji anayekugharamia mwambie mapema afuatilie hati ya udhamini kwao.

Njia yenyewe ni ndege Mwanza mpaka Dar, halafu Dar mpaka Frankfurt ukibadilishia Addis Ababa, Istanbul au Doha, inategemea na tiketi uliyopata. Pale pale uwanja wa ndege wa Frankfurt kuna stesheni ya treni za masafa marefu, huna haja ya teksi, na treni ya kasi inayoitwa ICE inakufikisha Würzburg kama saa moja na dakika ishirini hivi. Tiketi ya treni ukiinunua wiki kadhaa kabla bei inashuka sana, lakini zile za bei ya chini zinakufunga na treni moja tu, ukiikosa kwa kuchelewa kwako hela imeenda, kwa hiyo kati ya ndege kutua na treni kuondoka acha masaa matatu, foleni ya uhamiaji ipo, siku hizi wanachukua alama za vidole na picha mpakani, na begi nalo lina muda wake wa kutokea. Na saa zao uzisome vizuri, tiketi ikisema 10:00 ni saa nne asubuhi, ikisema 16:00 ni saa kumi jioni, nimeona mtu akichanganya hapo siku yake ikaharibika yote. Majira yao ya kiangazi wako nyuma yetu saa moja, ya baridi masaa mawili.

Ukishuka stesheni ya Würzburg nenda kwa mguu, ni kama robo saa. Nyoosha na mtaa wa Kaiserstraße mpaka unakutana na Juliuspromenade, vuka, endelea mbele na Schönbornstraße. Huo mtaa magari hayapiti, watu wanatembea katikati wamejiachia, ila tramu zinapita hapo hapo, na tramu sio daladala ya Igoma ambayo konda unamsikia toka mbali, inakuja kimya iko mgongoni kwako, so simu weka mfukoni kwanza. Utaona upande wa kulia majengo yanaachia nafasi na mnara mwembamba wa kanisa unajitokeza. Umefika.

Sasa siku ya kwenda. Nenda siku ya kazi, nenda asubuhi, saa tatu au saa nne uwe pale. Jumapili maduka ya Ujerumani karibu yote yanafungwa na uwanja unabaki na watalii tu wanapigana picha, wakati pale kabla ya kuwa sehemu ya utalii ni soko, lilikuwa soko na bado ni soko. Utakuta meza chini ya miamvuli, maua, mayai, asali, tufaha, mboga za majani zimepangwa kama zinaenda maonyesho ya Nane Nane. Sisi tuliolelewa na Soko Kuu na Kirumba hapo hatuna ugeni, pua tu inakwambia uko sokoni, tofauti ni kelele, pale watu wanauza kwa sauti ya chini.

Kuanzia Aprili mpaka tarehe 24 Juni kuna mboga inaitwa Spargel, kwa Kiingereza asparagus, watu wa kule wanaipenda sana. Ni mmea unaochipua ardhini, wanaufunika na tuta la udongo usione jua, ndo maana unatoka mweupe. Umelazwa kwenye sanduku mmoja mmoja kama mishumaa, mnene kama kidole gumba, nchani una uzambarau kwa mbali. Yule mama hakugusa kitu, aliuliza tu ni wa leo? Muuzaji akachukua miwili akaisugua, ikalia, mlio mwembamba kabisa kama raba mpya kwenye sakafu ya marumaru. Mama akatikisa kichwa sawa, nipimie kilo. Ukishakauka haulii, hicho ndo kipimo chao. Na tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohana, wakulima wanaacha kuvuna ili mmea upumzike uzae tena mwakani, hata kama wateja bado wanautaka.

Adabu za pale ni chache lakini zishike. Salimia kwanza, salamu ya upande huo ni Grüß Gott, tamka grus got, ukiisema tu nyuso zinafunguka. Usiminye parachichi wala nyanya, onyesha kwa kidole muuzaji akuchagulie. Bei haipunguzwi, ile iliyoandikwa ndo hiyo hiyo, ukianza kusema fanya basi mbili kwa tatu hawatakuelewa. Beba mfuko wako. Beba na sarafu, za euro 1 na senti 50 hasa, hutajuta, vyoo vingi vya umma navyo vinalipiwa. Na kama unataka kumpiga picha mtu kwenye biashara yake muombe, kama ambavyo wewe ungependa kuombwa.

Ukishamaliza meza, geukia kanisa. Linaitwa Marienkapelle, yani kikanisa cha Maria, kwa ukubwa utashangaa kwa nini wanaliita kikanisa, sababu ni kwamba halijawahi kuwa parokia. Wengi wanaingia ndani moja kwa moja. Mimi nakwambia usiingie kwanza, zunguka nje, mambo makubwa yako milangoni.

Mlango wa upande wa sokoni una Adamu na Hawa wa mawe, kila mmoja upande wake. Kazi ya Tilman Riemenschneider, fundi mchongaji aliyezichonga 1491 mpaka 1493. Zilizopo mlangoni sasa ni nakala, zenyewe halisi zimehifadhiwa makumbusho kule juu kwenye ngome ya Marienberg, ile unayoiona mlimani ng'ambo ya mto. Ila hata nakala zina kitu, Adamu hana ndevu, ni kijana mdogo kabisa uso umejaa wasiwasi, unaweza ukasema ni dogo wa kidato cha nne anasubiri matokeo. Huyo Riemenschneider baadaye akawa meya wa mji, na kwenye vita vya wakulima vya 1525 baraza la mji halikuwa upande wa askofu mtawala, wakulima waliposhindwa akakamatwa, akafungwa humo humo ngomeni na kuteswa. Ukijua hilo ukimwangalia Adamu tena unamwona tofauti.

Halafu zunguka mpaka mlango wa kaskazini. Hapo ndo mama alinisimamisha, akanyoosha kidole juu ya mlango, akasema tafuta bomba. Nikatafuta. Ni mchongo wa malaika akimpasha Maria habari za kupata mtoto, Mungu Baba yuko juu, na kutoka mdomoni kwake linashuka kitu kama bomba refu limejikunja, linaishia kwenye sikio la Maria. Sasa angalia juu ya bomba, kuna katoto kadogo sana kanateleza kichwa mbele kumfuata mama yake. Yani fundi wa zama zile alisikia mahubiri kwamba Neno liliingia kwa Maria kwa kusikia, naye akalichonga hivyo hivyo. Nilikaa pale nikaangalia mpaka shingo ikauma. Kama una darubini ndogo beba, au kuza na kamera ya simu, ila usiondoke bila kukaona.

Ndani ingia ukiwa kimya, mwanaume vua kofia, misa ikiwa inaendelea picha hakuna, kiingilio hakuna. Balthasar Neumann, mjenzi aliyebuni kasri la mji huo, amezikwa humo.

Baada ya hapo tafuta sehemu ukae, manake kuna habari ya uwanja huu ambayo haiandikwi kwenye kadi za posta, na mimi naona mgeni akiondoka bila kuijua hajaufahamu. Kabla ya soko, pale palikuwa makazi ya Wayahudi. Mwaka 1349, wakati tauni inaua watu Ulaya nzima, ukavumishwa uongo kwamba Wayahudi wametia sumu visimani, na mwezi Aprili Wayahudi wa Würzburg wakaangamizwa. Nyumba zao zikaondolewa ukapatikana uwanja, na pale lilipokuwa sinagogi yakawekwa 1377 mawe ya kwanza ya hili kanisa. Mama aliniambia hayo tukiwa tumekaa, alinyoosha kidole chini akasema hapa hapa. Miaka ya 1980 walipokuwa wanabomoa jengo moja kwenye mtaa wa jirani yakatoka ukutani mawe ya makaburi ya Wayahudi wa zama hizo, kama 1,500 hivi, watu walikuwa wameyajengea kama matofali. Leo yanatunzwa kwenye kituo cha jamii ya Kiyahudi kinachoitwa Shalom Europa. Na ukitembea mitaani angalia chini, kuna vibao vidogo vya shaba vimepachikwa kwenye mawe ya njia, kila kimoja kina jina la mtu aliyeishi nyumba ile kabla Wanazi hawajamchukua. Ukikiona simama, soma jina, halafu pita pembeni.

Jengo la njano jirani na kanisa ni Falkenhaus, zamani ilikuwa nyumba ya wageni. Yale marembo meupe ya mbele ni ya 1751, mauamaua na mikunjo kama krimu ya keki ya harusi. Chini kuna ofisi ya taarifa za watalii, omba ramani, juu ni maktaba ya mji, na maktaba ni rafiki wa mgeni, baridi ikikuzidi ingia ukae usome, hakuna wa kukufukuza.

Ila sasa sikiliza. Hilo jengo unaloliona sio la kale kama unavyodhani, na kanisa nalo sehemu kubwa vile vile. Usiku wa tarehe 16 Machi 1945, vita imebaki chini ya miezi miwili kuisha, ndege za Uingereza ziliumwagia mji huu mabomu ya moto kwa muda wa kama dakika 20, na mji wa zamani ukateketea karibu wote, watu kama 5,000 wakafa. Kilichofuata ni miaka na miaka ya kuujenga upya, Falkenhaus ilirudishwa kwa kufuata picha za zamani. Ndo maana nasema baada ya chakula cha mchana toka uwanjani, tembea dakika tano mpaka jengo la mnara linaloitwa Grafeneckart, ni sehemu ya manispaa yao, liko karibu kabisa na daraja la zamani. Chini kuna chumba cha kumbukumbu, bure, na ndani yake kuna mfano mdogo wa mji mzima ulivyokuwa baada ya usiku ule: kuta zimesimama, paa hakuna, mtaa baada ya mtaa, kama sega la nyuki lililokamuliwa. Tafuta Marktplatz kwenye ule mfano. Utaipata kwa kufuata mto na daraja. Mama alishika ukingo wa meza akanionyesha nyumba ya wazazi wake, kishimo kimoja kati ya vishimo vingi, hakusema kitu na mimi sikuuliza. Kila tarehe 16 Machi usiku kengele za makanisa yote zinapigwa kwa muda ule ule, kama dakika 20, na ukibahatika kuwa kule siku hiyo simama uwanjani usikilize mpaka mwisho.

Ukitoka hapo daraja liko mbele yako, Alte Mainbrücke, la mawe, watembea kwa miguu tu, lina sanamu za watakatifu pande zote mbili. Mtafute Kilian, mmisionari kutoka Ireland aliyeuawa mjini hapo karibu na mwaka 689. Mwangalie kidole kidogo cha mkono. Kuna chakula cha pale kinaitwa Meefischli, visamaki vya mto vinapakwa unga vinakaangwa vikakauka, vinaliwa vizima kwa mkono, kichwa mpaka mkia, na wenyeji wanasema samaki wa Meefischli asizidi urefu wa kidole kidogo cha Kilian. Ndugu zangu, ni dagaa! Nilipoletewa ile sahani nikaona kama niko Mwaloni Kirumba, nimekosa pilipili na ndimu tu (limau wanakupa). Mila yao ni kuvila kwenye miezi yenye herufi R kwenye jina, Septemba mpaka Aprili. Kwa Waislamu na wasiokula nguruwe hii itawasaidia sana, manake zile soseji zinazouzwa uwanjani zinazonukia mpaka mbali, Bratwurst, ni nguruwe, uliza kabla hujanunua.

Darajani jioni watu wanasimama na glasi ya mvinyo wa kwao, Silvaner, wanaangalia jua linashuka nyuma ya ngome. Glasi unaiwekea hela, sawa sawa na sisi tunavyoweka hela ya chupa dukani, ukiirudisha unarudishiwa, kwa hiyo usiiache ukutani. Kama hunywi agiza juisi ya zabibu, Traubensaft, hakuna atakayekushangaa.

Kasri, ile Residenz iliyo kwenye orodha ya UNESCO toka 1981, kwa maoni yangu iachie siku nyingine. Kama huna siku nyingine basi ifanyie saa moja ya mchana kwa ajili ya ngazi tu: dari lake limechorwa na Tiepolo 1752 na 1753, mabara manne, na Afrika ipo, mwanamke amekaa juu ya ngamia. Nilisimama chini yake muda mrefu. Aliyeichora hakuwahi kufika kwetu, na bado kuna mtu pale pembeni, mfanyabiashara, amekaa vile vile kama wazee wa pwani wanavyokaa. Dari hiyo ndo ilinusurika moto wa 1945.

Viatu vaa raba au vyenye soli nene, mawe ya chini pale yanachosha, visigino viache nyumbani. Aprili beba koti hata kama asubuhi jua linawaka. Desemba kuna soko la Krismasi pale pale uwanjani kuzunguka kanisa, taa kila mahali, ila saa kumi na moja jioni ni giza na baridi inaingia mpaka kwenye vidole vya miguu, soksi mbili.

Na usiku rudi uwanjani tena. Sisi tulirudi saa tatu hivi, meza zimeshaondolewa, mawe yamemwagiwa maji, harufu ya maua bado ipo. Tukakaa. Mama akaniuliza watu wa Mwanza jioni wanakaa wapi, nikamwonyesha kwenye simu picha ya Jiwe la Bismarck jua linazama, akalitambua jina kabla sijalitaja, akauliza nani aliliita hivyo, nikamwambia ni ninyi enzi zile. Akaishika simu muda mrefu. Halafu akaniuliza kabla ya hapo wenyewe mlikuwa mnaliitaje, sikuwa na jibu, nikamwahidi nikirudi nitawauliza wazee. Kwa hiyo kabla hujapanda ndege pita kwa wazee wako, uliza majina ya mawe na mitaa ya kwetu, kule utaulizwa.

Kama unarudi Frankfurt usiku huo huo, angalia treni ya mwisho kabla hujakaa.